‘Mtengenezaji hajulikani’, na Bibi amekaa mstari wa mbele

Ilikuwa Jumamosi, siku ya utamaduni katika shule anayosoma binti yangu wa darasa la nne. Wiki mbili kabla, wazazi tulitumiwa ujumbe tukiombwa tuiazime shule vitambaa vya nyumbani: kanga za zamani, vikoi, vitambaa vya makochi, chochote kilichofumwa, kushonwa au kudariziwa kwa mkono.

Nilifungua sanduku nikatoa shuka jeupe alilodarizi mama yangu. Nikalikunja, nikalitia kwenye mfuko, nikampa mtoto alipeleke. Asubuhi ile nilikuwa nimechelewa kazini, hivyo sikuandika hata neno moja la kuliambatanisha.

Siku yenyewe tulikwenda watatu: mimi, binti yangu na Mama, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kutusalimia. Ukumbi ulipendeza. Shuka letu lilikuwa limetundikwa ukuta wa mbele, mahali pa heshima, maua yake mekundu yakionekana tangu mlangoni. Mama alipewa kiti mstari wa kwanza, kama wanavyopewa wazee.

Binti yangu alikimbilia ukutani, akasoma kadi iliyobandikwa chini ya shuka, akarudi uso umebadilika.

“Mama, njoo usome.”

Kadi ilisema: “Batiki ya asili kutoka Zanzibar. Ina zaidi ya miaka 100. Mtengenezaji hajulikani.”

“Hajulikani vipi,” akauliza, “na Bibi yule pale amekaa?”

Kadi ilikuwa na mambo manne, na hata moja halikuwa kweli. Batiki hutengenezwa kwa nta na rangi, na shuka lile lilikuwa la uzi na sindano. Halikutoka Zanzibar, halikufikisha miaka 100, na mwenye kazi yake alikuwa hatua tano kutoka pale.

Mama alivaa miwani, akasogea, akasoma mwenyewe taratibu. Akacheka kidogo.

“Basi mimi nimeshakufa,” akasema, akarudi kukaa.

Kosa la nani?

Nilimfuata mwalimu nikiwa na maneno yangu tayari. Hakujitetea sana. Aliomba radhi, kisha akaniambia ukweli: vitambaa zaidi ya arobaini vilifika kwa siku mbili, mifuko mingi haikuwa na karatasi, na kadi ziliandikwa mchana mmoja na walimu wawili wakisaidiwa na wanafunzi. Mtu alipoliona shuka akasema linafanana na kazi za Zanzibar. Mwingine akasema linaonekana la zamani mno. Kadi ikaandikwa.

“Na mfuko wako, mama, nao haukuwa na karatasi,” akamalizia kwa upole.

Nilinyamaza. Alisema kweli.

Tangu siku ile nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu shuleni, kanisani, hotelini, kwenye ofisi za serikali na majumba ya makumbusho tunatundika vitambaa na kuvibandikia maneno. Ukweli wa maneno yale uko mikononi mwa nani?

Naona mikono ni mitatu. Kuna anayeazima au kuuza kitambaa, kuna anayeandika kadi, na kuna anayetundika na kuwaita watu waje waone. Wa kwanza ana wajibu wa kusema anachokijua. Wa pili ana wajibu wa kuuliza asichokijua. Lakini wa kujibu mwishoni ni yule wa tatu, mwenye ukuta, kwa sababu msomaji haoni mjadala uliotangulia. Yeye anaiona kadi tu, na anaiamini kwa sababu imebandikwa na shule, au hoteli, au makumbusho.

Hili si wazo langu peke yangu. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, lina kanuni za maadili zinazotaka makumbusho zihakikishe maelezo ya maonyesho yana msingi, ni sahihi, na yanawaheshimu watu wanaohusika nayo. Shule si makumbusho, lakini mtoto wa miaka kumi hatofautishi. Kwake, kilichoandikwa ukutani kimeshathibitishwa na wakubwa.

Halafu kuna simu zetu. Kabla sijamaliza kuongea na mwalimu, picha ya shuka pamoja na kadi yake ilikuwa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kadi ya ukutani unaweza kuibandua, lakini picha iliyokwisha kusambazwa huwezi kuirudisha.

“Hajulikani” au “hatujauliza”?

Neno “hajulikani” lina mahali pake. Vipo vitambaa vya kale ambavyo kweli hakuna njia ya kuwapata waliovitengeneza. Lakini mara nyingi, hasa kwa kazi za wanawake zilizotoka majumbani, maana yake halisi ni kwamba hakuna aliyeuliza.

Tazama jinsi swali moja linavyoweza kubadili mambo. Harriet Powers alizaliwa utumwani mwaka 1837 katika jimbo la Georgia, Marekani. Baada ya uhuru alishona blanketi la vipande vya vitambaa, kila kipande kikiwa na picha za visa vya Biblia: Adamu na Hawa, Kaini na Abeli, Yakobo na ngazi yake. Mwaka 1886 lilionyeshwa kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia. Mwalimu wa sanaa aitwaye Jennie Smith aliliona, akataka kulinunua. Harriet akakataa.

Miaka michache baadaye hali ilikuwa ngumu, naye akakubali kuliuza. Alitaka dola 10, akapata 5. Lakini kabla ya kuliacha alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, naye Jennie Smith akayaandika maelezo yale. Leo blanketi lile liko katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani mjini Washington, na tunajua kila picha ni ya kisa gani kwa sababu mtu mmoja alikaa akasikiliza akiwa na kalamu mkononi.

Hata hivyo kazi haikuishia pale. Kwa miaka mingi watu waliamini kuwa Harriet Powers hakujua kusoma wala kuandika. Baadaye mtafiti Kyra Hicks akapata nakala ya barua ya Harriet mwenyewe, akieleza maisha yake na ushonaji wake. Kwa hiyo hata habari iliyozoeleka kwa miaka mingi lazima irekebishwe ukweli mpya unapopatikana.

Ambapo hakuna aliyeuliza, hasara hubaki. Kuna kitambaa maarufu cha Bayeux, Ufaransa, cha karne ya 11, chenye urefu wa karibu meta 70, kinachosimulia jinsi Wanormani walivyoivamia na kuiteka Uingereza mwaka 1066. Jina lake kwa Kifaransa na Kiingereza linakiita kitambaa cha picha zilizofumwa, yaani picha zinazotokea wakati nyuzi zinapofumwa kuwa kitambaa. Ukweli ni kwamba kimedariziwa: nyuzi za sufu zimepitishwa kwa sindano juu ya kitani kilichokwisha kufumwa. Jina lenye kosa limezoeleka mno kiasi kwamba limebaki.

Kwa muda mrefu pia watu wa huko walisema kuwa kazi ile ilikuwa ya Malkia Matilda, mke wa mfalme mshindi. Wataalamu wengi leo wanaona iliagizwa na Askofu Odo, ndugu wa mfalme kwa mama, na kwamba huenda ilidariziwa Uingereza. Malkia amepewa sifa, askofu amepewa sifa. Majina ya walioshika sindano hayakuandikwa popote.

Mchoraji na mfumaji

Kosa jingine la kawaida ni kuandika jina moja mahali penye watu wawili.

Katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa jijini New York, nje ya ukumbi wa Baraza la Usalama, kuna kazi kubwa ya kufuma ambayo wengi huiita “Guernica ya Picasso”. Mchoro wa Picasso wa mwaka 1937 uko Madrid, Hispania. Ile ya New York imefumwa, na aliyeifuma ni mwanamke Mfaransa, Jacqueline de la Baume Dürrbach, mwaka 1955, kwa agizo la tajiri na mwanasiasa Nelson Rockefeller. Mchoro ni wa rangi nyeusi, nyeupe na kijivu. Mfumaji aliingiza rangi za kahawia. Ukitaja Picasso peke yake, unamnyima mfumaji mikono yake na pia macho yake.

Karibu na kwetu, vitambaa vya Wakuba wa Kasai, Kongo, vinasifika duniani kote. Kwa desturi wanaume ndio hufuma kitambaa kwa nyuzi za majani ya mwale, mti wa jamii ya mitende, na wanawake ndio huweka darizi zile za maumbo ya pembe tatu na pembe nne. Kadi inayosema “kazi ya wafumaji wa Kikuba” imesema nusu tu, na nusu iliyoachwa ni ya akina mama.

Suala hili lina upande wa sheria pia. Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Tanzania na Kenya zote ni wanachama, unampa mtunzi wa kazi ya sanaa haki ya kutambuliwa kuwa ni yake, hata kama ameshaiuza. Anayenunua batiki au darizi kwa msanii na kuitundika mapokezi ya hoteli amenunua kitambaa. Haki ya msanii kutajwa kuwa ndiye aliyeitengeneza haikuuzwa pamoja nacho.

Anza na kanga

Ukitaka kumfundisha mtoto kusoma kitambaa kabla ya kukiandikia kadi, huna haja ya kusafiri. Fungua kabati.

Kanga ina pindo linaloizunguka, mji katikati, na jina, yaani yale maneno tunayotumiana wake kwa waume. Jina ni sehemu ya kazi yenyewe. Kanga ikitundikwa na kadi isiyoeleza jina lake, mgeni ameona rangi lakini hajaambiwa kilichosemwa. Na jina likifafanuliwa ovyo, neno la mapenzi laweza kugeuzwa kijembe.

Mwonyeshe mtoto na ukingo wa nje. Kanga nyingi zimechapishwa pale alama ya mfanyabiashara au kiwanda. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zinajulikana kwa maneno “Mali ya Abdulla”. Nyingine zilitoka Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na nyingine nyingi zimechapishwa India. Ule ukingo ni kadi iliyokuja na kitambaa, lakini mara nyingi fundi huukunja ndani anapopinda.

Majina ya vitambaa vyenyewe nayo yana habari. Merikani ilipata jina lake kwa kuwa ililetwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19. Kitenge cha nta tunachokiita vazi la asili la Mwafrika kina safari yake pia: ufundi wa batiki ya Java uliigwa kwa mashine na viwanda vya Uholanzi, na vitambaa vikaletwa kuuzwa Afrika Magharibi, ambako watu walivipa majina na maana zao. Kumwambia mtoto habari hii hakumwondolei fahari ya kitenge. Kunamfundisha kuwa neno “asili” lisiandikwe kwa kukisia.

Kadi ya pili nayo ilikuwa na kosa

Nirudi shuleni. Mwalimu alinipa kadi mpya na kalamu. Nikaandika kwa fahari: “Shuka la pamba lililodariziwa kwa mkono Tanga,” kisha jina kamili la mama yangu. Nikampelekea aone.

Akasoma, akatikisa kichwa.

“Umenipa na lisilo langu.”

Ndipo nikasikia habari ambayo sikuwahi kuisikia, na shuka lile nimekua nikiliona. Maua hakuyachora yeye. Aliyachora jirani yake, msichana mwenzake, aliyekuwa na mkono mwepesi wa penseli. Jioni walikaa barazani, jirani akachora maua juu ya kitambaa kwa karatasi ya kaboni, Mama akadarizi. Walitengeneza mashuka mawili, kila mmoja lake, kwa ajili ya harusi zao.

“Mwaka gani, Bibi?” akauliza binti yangu, kalamu mkononi.

Mama hakumbuki tarakimu. Anakumbuka kuwa vijana wa mtaani walikuwa vitani Kagera. Binti yangu hakujua, nikamwambia: mwaka 1978 kwenda 1979. Uzi mwekundu ulikuwa hauonekani madukani, na mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977. Uzi ule uliletwa kutoka Mombasa kwa njia za panya, ukiwa umefichwa ndani ya mfuko wa unga. Ndiyo sababu maua mawili ya pembeni ni ya waridi: mwekundu uliisha.

Miaka yote nilidhani ameyafanya vile kwa urembo.

“Sasa andika na jina lake,” Mama akasema, akamtaja jirani yake kwa majina yote matatu. “Mwenzangu ameshatangulia mbele ya haki. Nikijiandika peke yangu, siku tukikutana ataniuliza.”

Kadi ya tatu ikaandikwa na binti yangu: “Shuka la pamba. Darizi ya mkono kwa uzi mwekundu, kijani na waridi. Limetengenezwa Tanga wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979.” Chini yake majina mawili, moja likitanguliwa na “amechora”, jingine na “amedarizi”. Na mstari wa mwisho: “Habari hizi zimetolewa na mdarizi mwenyewe.”

Mwalimu aliisoma mbele ya watu. Kisha wazazi wengine wawili wakasimama kuomba kadi mpya za vitambaa vyao.

Mzazi afanye nini?

Ukiazima au kutoa kitambaa, kiambatanishe na karatasi. Mambo sita yanatosha: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa ufundi gani, yaani kufuma, kudarizi, kuchapisha, batiki au kroshia, kwa malighafi gani, wapi na lini, nani walihusika na kila mmoja alifanya nini, na nani ametoa habari hizi. Muulize pia mwenye kazi kama anataka jina lake litajwe. Wapo wasiopenda, nao wana haki yao.

Usichokijua, usikijaze. Andika “mwaka bado haujathibitishwa” au “mchoraji anatafutwa”. Kadi yenye pengo inamkaribisha msomaji anayejua alizibe. Kadi yenye uongo humfanya aone aibu kusema.

Ukikuta kosa, usiibandue kadi wala usigombe. Mwone mhusika, mpe habari iliyo sahihi kwa maandishi, na useme umeijuaje. Kama picha imeshasambaa, tuma picha ya kadi mpya kwenye kundi lile lile, si faraghani kwa mtu mmoja.

Na kwa vitambaa vya nyumbani, msingoje maonyesho. Wazee wangalipo. Mkalishe mtoto karibu na bibi yake au babu yake, simu irekodi sauti, mtoto aulize: nani alichora, uzi ulitoka wapi, kwa nini rangi hii? Maswali mengine yatajibiwa kwa “sikumbuki”. Mengine yatakufungulia habari ulizokuwa ukizilalia usiku kucha bila kuzijua.

Kabla Mama hajarudi Tanga, alikata kipande kidogo cha kitambaa cheupe na kumwonyesha mjukuu wake jinsi ya kushika sindano. Ilichukua jioni mbili. Sasa nyuma ya shuka, kwenye pembe, kuna majina mawili yaliyodariziwa kwa uzi wa buluu. Herufi zimepinda, na moja imerudiwa mara mbili, lakini zinasomeka.